Ree na garasa, halafu wewe ndiye wa kuanza kusema: tucheze au tutupe?

#1 Mwenye Meza (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa Raskazone, Tanga. Upepo wa bahari unapeperusha karata hapa barazani na watu bado wanabishana, nimeona bora ubishi niulete huku kwenye vichwa vilivyotulia.

Kwa wageni: tuna meza yetu ya poka kila Jumamosi, ile ya Texas, karata mbili mkononi na tano mezani, unachagua tano bora kati ya saba. Tunacheza kwa mtindo wa mashindano. Kila mtu anaanza na chipu sawa, blaindi (chipu ambazo watu wawili wanalazimika kuweka kabla ya karata kugawiwa, ndogo na kubwa) zinapanda kadiri muda unavyokwenda, chipu zikikwisha umetoka, hakuna kununua nyingine. Pesa hatuweki. Anayetoka wa kwanza anakwenda jikoni kukaanga mihogo ya watu wote, na anayebaki wa mwisho hagusi hata sahani. Mihogo ya watu tisa si mchezo, kwa hiyo watu wanacheza kwa uchungu kweli.

Sasa sikilizeni. Tupo tisa. Blaindi 200 na 400. Jamaa mmoja wa Ngamiani, tumwite Mgosi, ana chipu 12,000, yaani blaindi kubwa 30. Hali nzuri tu, hakuna anayemfukuza. Yeye ndiye wa kuanza kusema, yaani kuamua kama anatupa au anaweka chipu, watu wanane wote wako nyuma yake. Anachungulia: ree (A) ya shupaza na nne ya kopa. Anaongeza hadi 1,000. Wanatupa, wanatupa, mpaka inamfikia dada aliyekaa batani, kiti kinachosema mwisho karata za mezani zikianza kufunuliwa. Anafuata. Blaindi zote mbili zinatupa. Mezani 2,600.

Karata tatu za kwanza: ree ya uru, tisa ya pau, sita ya kopa. Mgosi akajiweka sawa kitini, mtu mzima unajua tu. Akaweka 1,300. Dada akafuata. Mezani 5,200.

Karata ya nne: mzungu wa tatu (J) wa pau. Mgosi 2,600. Dada akafuata. Mezani 10,400.

Ya tano: mbili ya uru. Mgosi akasukuma zote zilizobaki, 7,100. Dada akakaa kimya, akapanga chipu zake marundo marundo, akafuata. Akafunua ree na kumi, zote za kopa.

Mgosi jikoni. Na tangu hapo wimbo ni mmoja, mkosi, mkosi, mkosi. Nusu ya meza inamuunga mkono. Mimi nasema karata ya tano haina kosa na dada hana kosa. Tatizo lilianza pale alipoongeza akiwa wa kwanza kusema, na likakuzwa na kila dau aliloweka baada ya hapo. Ree yenye garasa kwenye kiti kile ni ya kutupa bila kuaga. Nasema uongo?

#2 Kahawa Chungu

Nimekaa paleee na kashata yangu.

#3 Mgosi wa Ngamiani

Mleta mada ahsante kwa kunianika. Mihogo inachemka, nina dakika chache.

Hoja yangu ni nyepesi. Nilipata ree. Mezani ikaja ree nyingine. Hiyo ni jozi ya juu kabisa. Mlitaka nipasi, yaani nibaki bila kuweka dau? Ningepasi angeninyang'anya, au angepata karata ya bure akanipiga nayo. Ree ziko nne tu kwenye karata 52. Moja ninayo, moja iko mezani, halafu yeye naye akawa nayo. Msitafute mchawi, ule ni mkosi mtupu. Na kama mtu anatupa ree, hebu niambieni atacheza nini maishani? Atangoja mizungu miwili mpaka Coastal Union yetu wachukue tena ubingwa wa ligi?

#4 Bi Makorora

Coastal msiwaingize, wamechukua 1988 na watachukua tena inshallah.

Wanangu, mie nawaona mnapokwama. Ninyi nyote mmekulia karata za turufu. Kwenye turufu ree ina pointi 11, saba ina 10, mzungu wa nne (K) 4, wa tatu (J) 3, wa pili (Q) 2, na magarasa hayana kitu. Zote zikijumlishwa ni 120, ukifika 61 umeshinda. Mtoto wa Tanga tangu yuko kwenye jamvi anafundishwa kwamba ree ni mali. Ree inajitosheleza yenyewe, haiulizi nani amekaa nayo. Ndiyo maana mkiiona kwenye poka mikono inawatetemeka.

Lakini hata huko kwenye turufu, nani anapenda kuanza kutupa? Anayeanza anatupa gizani. Wa mwisho ameshaona tatu za wenzake, anajua kama atie karata ya maana au atupe garasa. Watu wazima tunapigania kutupa mwisho kuliko hata kupata ree. Sasa poka ndiyo hiyohiyo, ila mbaya zaidi, kwa sababu ukianza kusema mara ya kwanza utaanza kusema karata tatu zikija, ya nne ikija, na ya tano ikija. Mara zote nne unasema kabla ya mwenzio. Huyo dada kazi yake ilikuwa kusikiliza tu.

Nasema hivyo na poka nimefundishwa na wajukuu.

#5 Kahawa Chungu

Shikamoo Bi Makorora. Mods uzi huu msiuguse.

#6 Hesabu Tupu

Mgosi, umesema ree ziko nne tu kwa hiyo ni mkosi. Twende na hesabu, haina undugu na mtu.

Wakati unaongeza, hujaona chochote zaidi ya karata zako mbili. Zimebaki karata 50, ndani yake ree tatu. Watu wanane nyuma yako wameshika karata 16. Uwezekano kwamba angalau mmoja wao ana ree ni asilimia 69. Hilo ndilo unaliita mkosi, kitu kinachotokea mara saba katika kumi.

Sasa chukua karata hizohizo, ree na nne, uhamie batani na wote wametupa. Wamebaki watu wawili tu wa blaindi. Uwezekano unashuka hadi asilimia 23. Kaa kwenye blaindi ndogo, amebaki mmoja tu: asilimia 12. Karata hazijabadilika hata kidogo, umehama kiti.

Mtu atasema, si kila mwenye ree atacheza. Kweli kabisa, na ubaya uko hapohapo. Ukiongeza kutoka kiti cha kwanza, mwenye ree na tatu anatupa, mwenye ree na tano akiwa na akili anatupa. Anayebaki ni mwenye ree na kumi, ree na mzungu, au jozi yake ya mkononi. Umeichuja meza kwa chipu zako mwenyewe, halafu umebakiwa na watu walewale usiotaka kukutana nao.

Na ukikutana nao hali inakuwaje? Ree na nne dhidi ya ree na kumi, karata zote tano zikifunuliwa, unaliwa takriban mara saba katika kumi. Dhidi ya jozi ya nane, vilevile takriban saba katika kumi. Dhidi ya mzungu wa nne na wa pili uko mbele kidogo tu, 57 kwa 43 hivi. Yaani mkono unaouonea fahari unashinda kwa kuchechemea na unashindwa kwa kishindo.

Jingine. Ukiwa na ree moja mkononi, ree nyingine inakuja kwenye karata tatu za kwanza asilimia 17, kama mara moja katika sita. Mara tano zilizobaki umekaa na nne yako ya kopa, mezani kuna 2,600, na macho yote yanakutazama wewe kwanza.

#7 Fundi wa Pongwe

Hesabu Tupu umemaliza habari za kabla ya karata tatu za kwanza. Mimi nataka tuangalie meza ilipofunuka yote, kwa sababu naona hata wanaomlaumu Mgosi hawajaona ukubwa wa jambo.

Mezani: ree, mzungu wa tatu, tisa, sita, mbili. Hakuna mfululizo, hakuna karata tatu za jamii moja. Mgosi ana ree na nne. Karata zake tano bora ni zipi? Ree, ree, mzungu wa tatu, tisa, sita. Hesabu tena. Ile nne haimo. Sita ya mezani ni kubwa kuliko nne yake, kwa hiyo anaichezea sita ambayo kila mtu anayo. Kwenye meza ile Mgosi alikuwa ameshika karata moja tu.

Sasa pita kwenye kila ree ambayo dada angeweza kuwa nayo.

Ree na mzungu wa nne, au wa pili, au kumi, au nane, au saba: zinampiga kwa karata ya pembeni. Ndiyo, hata saba, kwa sababu saba inaipita sita.

Ree na mzungu wa tatu, au tisa, au sita, au mbili: jozi mbili, zinampiga. Ree na ree: ree tatu, zinampiga.

Ree na tano, ree na nne, ree na tatu: sawa kwa sawa, mnagawana.

Basi, zimekwisha. Kwenye karata zote 52 hakuna ree hata moja ambayo Mgosi anaishinda. Nimehesabu michanganyiko, na ree mbili zilizobaki ni ya kopa na ya pau. Michanganyiko yenye ree ni 87. Inayompiga ni 65, wanaogawana 22, anayoishinda yeye sifuri.

Kwa hiyo zile 7,100 alikuwa anamwomba nani azifuate? Mwenye jozi ya kumi anatupa, ameona ree mezani na mtu anaweka dau kila raundi. Mwenye saba na nane, aliyekuwa anangoja mfululizo, umegoma, anatupa. Wote anaowapiga amewafukuza, na wote wanaompiga amewakaribisha wakae wale.

#8 Mgosi wa Ngamiani

Ngoja ngoja. Hata ree na tatu simpigi?

#9 Fundi wa Pongwe

Humpigi. Ree, ree, mzungu wa tatu, tisa, sita. Yeye hivyohivyo. Mnagawana.

#10 Mgosi wa Ngamiani

Aisee.

#11 Ustadhi Mdogo

Ndugu zangu, mimi sijui poka lakini najua kamari imekatazwa, iwe kwa shilingi iwe kwa mihogo. Muda huu mngesoma kurasa mbili tatu mngefaidika zaidi.

#12 Mwenye Meza

Ustadhi tunakuheshimu. Hakuna anayeweka kitu wala anayeondoka na kitu, na mihogo tunakula wote pamoja na aliyeikaanga. Watoto chini ya miaka 18 hawakai kwenye hii meza. Na wanaotaka za pesa, nchi ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na sheria yake ya 2003, huko sisi hatupo. Mwenye shaka na akae mbali nayo, hatutamlaumu. Turudi kwenye mada.

#13 Nahodha wa Pangani

Naona wote mmegeuka mahakimu. Acha mimi nimtetee Mgosi, au niitetee ree.

Kwanza, kwenye mashindano blaindi zinapanda. Ukikaa kungoja karata nzuri tupu utaliwa kidogokidogo mpaka ubaki na chipu za kuhesabu kwa vidole. Watu waoga wanaishia nafasi ya katikati kila Jumamosi, nawajua, na wengine wamo humu.

Pili, garasa si garasa kila siku. Mashindano makubwa ya World Series of Poker, Las Vegas, 2008. Wamebaki wawili, Peter Eastgate wa Denmark, kijana wa miaka 22, na Ivan Demidov wa Urusi. Mkono wa mwisho Eastgate ana nini? Ree na tano! Demidov ana nne na mbili. Zikaja mbili, mzungu wa nne, tatu. Karata ya nne ikaja nne. Demidov akaona ana jozi mbili, kumbe mwenzie ameshaunga mfululizo, ree, mbili, tatu, nne, tano. Zaidi ya dola milioni 9 zikaenda kwa mwenye ree na garasa. Angekuwa na ree na tisa asingeunga kitu pale.

Kwa hiyo msiwafundishe watu kutupa ree kama maganda ya machungwa ya Muheza. Tofautisheni.

#14 Hesabu Tupu

Nahodha, hoja yako ya pili inanisaidia mimi. Walikuwa wamebaki watu wawili. Mbele ya mtu mmoja uwezekano wa kukutana na ree ni ile 12 niliyosema juu. Mgosi alikuwa na wanane.

Ila umegusa kitu cha kweli. Ree na tano, nne, tatu au mbili zina njia ya mfululizo wa chini ambayo ree na sita mpaka tisa haina, kwa maana ya kutumia karata zako zote mbili. Na zikiwa za jamii moja, mfano zote za uru, unaongeza asilimia tatu hivi za ushindi, na cha maana zaidi, unapata mikono ambayo unaweza kuweka chipu bila aibu. Kila ree na nne kumi na sita, nne tu ndizo za jamii moja. Mgosi alikuwa na shupaza na kopa. Hakuwa na hiyo faida ya jamii moja.

Kuhusu kuliwa na blaindi: mzunguko mzima wa meza ulikuwa unamgharimu 600. Alikuwa na 12,000. Hiyo ni mizunguko 20 ya kukaa bila kugusa karata, toa kidogo kwa sababu blaindi zitapanda. Nani alikuwa anamfukuza?

#15 Nahodha wa Pangani

Na angekuwa na blaindi 8?

#16 Hesabu Tupu

Hapo tunazungumza lugha moja. Ukiwa na blaindi 8, wote wametupa, na wewe uko batani au blaindi ndogo: ree yoyote, sukuma zote, usifikirie mara mbili. Karata zote tano zitafunuliwa, hakuna raundi za kusema mwanzo wala mwisho, kwa hiyo lile tatizo la kiti linakufa lenyewe. Mara nyingi mwenzio atatupa, akifuata bado una ree yako. Ila hata na blaindi 8, ukiwa wa kwanza kati ya tisa na una ree na nne, mimi natupa. Ile 69 haijaondoka.

Ubaya uko katikati, blaindi 20 mpaka 40. Chipu ni nyingi kiasi kwamba huwezi kusukuma zote kwa ree na nne, halafu ni chache kiasi kwamba ukiweka dau tatu umekwisha. Mgosi alikuwa 30, kiini kabisa cha balaa.

#17 Dada wa Batani

Nimeona naandikwa sana humu, acha nami niseme langu.

Ree na kumi si mkono wa kutembea nao kifua mbele, na Mgosi alipoongeza kutoka kiti cha kwanza nilifikiria kutupa. Kilichonifanya nifuate ni kiti changu, pamoja na kopa zangu mbili. Nilijua lolote litakalokuja, yeye atasema kwanza.

Ilipokuja ree nikaogopa. Ndiyo, niliogopa. Nikawaza ana ree na mzungu wa nne. Kwa hiyo sikuongeza kitu, nilifuata tu. Karata ya nne alipoweka 2,600 nilikaribia kutupa, mungu ni shahidi. Lakini nikamwangalia mikono. Mgosi akiwa na mkono mkubwa kweli huwa anachelewa, anajifanya anafikiria. Jana alikuwa anatupa chipu mezani kama mtu anayelipa nauli ya daladala kituo kimeshafika.

Ngoja niwaambie kitu ambacho hamjakiuliza. Mgosi angepasi kwenye karata ya nne, nami ningepasi. Sikuwa na hamu ya kukuza meza nikiwa na ree na kumi. Karata ya tano angepasi tena, labda ningeweka 2,000 au 3,000 hivi. Angefuata, angeliwa, angebaki na chipu kama 7,000, blaindi 17 au 18, na angekuwa bado amekaa na sisi. Mihogo angekaanga mwingine. Kilichomtoa ni zile dau mbili za mwisho, na zote aliziweka mwenyewe, mimi sikumlazimisha.

Halafu akisema ningemnyang'anya kama angepasi, sijui. Mimi si mzugaji mzuri, wote mnanijua.

#18 Kahawa Chungu

Dada umeua. Mgosi tafuta namna ya kuficha mikono.

#19 Mgosi wa Ngamiani

Nimesoma yote. Naomba swali moja la kweli, si la ubishi. Tuseme nimeshaingia, nimeshaongeza, ree imekuja. Nifanyeje? Maana mnasema kupasi, lakini nikipasi kila mara si nimejitangaza mnyonge?

#20 Fundi wa Pongwe

Swali zuri. Ree yenye garasa ukiwa wa kusema mwanzo ina uwezo wa dau moja, ukizidi sana mbili. Tatu haina. Kwa hiyo chagua utaliweka wapi.

Mimi ningeweka dogo kwenye karata tatu za kwanza, tuseme 800 au 900 kwenye ile 2,600. Linachukua kutoka kwa wenye jozi ya tisa, jozi ya nane, na wale wa saba na nane wanaongoja mfululizo, na unabaki umesema jambo la mtu mwenye ree. Halafu ya nne unapasi. Kupasi hapo si unyonge, ni kuizuia meza isinenepe. Akipasi naye, ya tano unaamua: kama imekuja mbaya unapasi, kama mwenzio anaonekana amechoka unaweza kuweka dogo tena. Akiweka yeye dau la wastani, unafuata mara moja. Akiweka kwenye ya nne na ya tano, na si mtu wa kuzuga, unatupa na unalala usingizi.

Wengine wanapenda kupasi tangu mwanzo na kuanza kuweka kwenye karata ya nne. Nayo inakubalika, hasa mezani kukiwa kumekauka kama ilivyokuwa kwa Mgosi. Ila kukiwa na karata mbili za jamii moja na namba zinazofuatana, usigawe karata ya bure, weka mapema.

#21 Mwenye Meza

Mimi nitaongeza la mashindano. Kwenye meza ya pesa ukiliwa unatoa nyingine mfukoni. Hapa hakuna mfukoni. Chipu 12,000 ukizizidisha mara mbili, nafasi yako ya kubaki wa mwisho inapanda. Ukizipoteza, nafasi inakuwa sifuri na unashika kisu cha mihogo. Hasara ya kutoka ni nzito kuliko faida ya kuongeza, na hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu asitie chipu 12,000 kwenye ree na nne.

Nahodha amesema waoga wanaishia katikati. Sawa. Mimi meza ni yangu na nawatazama, wanaoishia jikoni ni wenye ree na garasa.

#22 Mjukuu wa Barabara ya 12

Mimi mgeni wa mchezo, shikamooni wote. Naomba kuuliza kuhusu blaindi kubwa. Pale sijachagua kuingia, chipu zangu 400 zimeshaingia zenyewe. Tuseme aliye batani ameongeza hadi 900, blaindi ndogo katupa, mimi nina ree na sita tofautitofauti. Na hapo pia nitakuwa wa kusema mwanzo. Natupa?

#23 Hesabu Tupu

Marahaba. Hapo usitupe. Mezani kuna 900 zake, 200 za blaindi ndogo na 400 zako, jumla 1,500. Unaongeza 500 tu. Unalipa 500 kupata nafasi kwenye meza ya 2,000, yaani unahitaji kushinda robo ya mara zote. Na aliye batani anaongeza na kila takataka kwa sababu wamebaki wawili tu mbele yake. Ree na sita inatosha kabisa. Fuata, halafu izuie meza isinenepe kama Fundi alivyosema: ree ikija, pasi, mwache aweke yeye, ufuate mara moja au mbili kulingana na ukubwa wa dau. Hapo ndipo kusema mwanzo hakuumi sana, maana yeye ndiye aliyejitangaza kuwa na mkono.

Ila aliyeongeza akiwa kiti cha kwanza, kama alivyofanya Mgosi, na si mtu wa ovyoovyo, bei ni ileile lakini mkono wake si uleule. Mimi natupa ree na sita, blaindi yangu naisamehe.

#24 Mjukuu wa Barabara ya 12

Na yule wa batani akisukuma zote, ana blaindi 9?

#25 Hesabu Tupu

Blaindi 9 ni 3,600. Unaongeza 3,200 kugombania 4,200 zilizoko mezani, kwa hiyo unahitaji asilimia 43. Dhidi ya mtu wa batani anayesukuma na ree yoyote, jozi yoyote na mkono wowote wenye mzungu, ree na sita inafika hapo na kupita. Fuata. Akisukuma hizohizo 9 kutoka kiti cha kwanza, haifiki. Tupa.

#26 Bi Makorora

Na akisukuma Mgosi?

#27 Dada wa Batani

Fuata Bi.